Kikomo cha Mbegu Mbili

Mezani kwa baba hakuna aliyeruhusiwa kuweka zaidi ya mbegu mbili za mahindi kwa mara moja. Katika duru mbili za kwanza iliwekwa mbegu moja. Kuanzia karata ya tano zikawa mbili, na hapo ndipo ujasiri wa kila mtu ulipofikia ukingo. Ungeweza kushika karata ambazo hutazishika tena maishani, au ukawa hushiki kitu chochote. Mbegu ni zilezile mbili. Nilikaa kwenye meza hiyo miaka mingi kabla ya kuelewa ni mambo mangapi ya nyumba yetu yaliyoegemea kikomo hicho.

Tulicheza poka ya karata saba. Kila mchezaji hupewa karata mbili za kufichwa na moja ya wazi, kisha tatu nyingine za wazi, moja baada ya moja, na ya mwisho hufichwa tena. Baada ya kila mgao watu huweka mbegu, au humfuata aliyeweka, au hutupa karata zao kifudifudi na kurudia chai yao. Mwenye mkono bora wa karata tano huzoa zilizo katikati. Baba alijifunza mchezo huo ujanani katika klabu ya mameneja wa shamba kubwa la chai, alikokuwa akibeba sinia za vinywaji, na alijifunza akiwa amesimama nyuma ya migongo ya watu ambao hawakufikiri kwamba mbeba sinia ana macho. Alipoacha kazi hiyo hakuondoka na kitu kingine cha maana.

Mbegu zilikuwa na thamani, lakini si ya fedha. Baba ni mtu wa kanisa na fedha mezani aliziita kamari. Kazi mezani hakuiita chochote. Mbegu kumi zilikuwa kikapu kimoja cha majani ya chai, kilichochumwa na mshindwa katika shamba la mshindi, na sharti lilikuwa moja: usiajiri kibarua. Uchume mwenyewe, au achume mtu anayekula chungu kimoja nawe.

Tulikuwa wanne. Wa kwanza baba, ambaye sasa amevuka miaka themanini. Wa pili alikuwa bakule wake, yaani mtu aliyetoka naye jandoni siku moja, fundi mstaafu wa mitambo ya kiwanda cha chai, mwenye vidole vinene ambavyo weusi wa grisi haukuwahi kuviacha. Kwetu sisi Wakipsigis watu wa namna hiyo hawana adabu wao kwa wao, na ukosefu huo wa adabu ndio heshima yao. Mmoja anaweza kumtukana mwenzake mbele ya wajukuu, akamwambia amezeeka vibaya kama kiatu kilichosahauliwa mvuani, na mwenzake akacheka. Wao ni sawa. Hakuna aliye juu, hakuna aliye chini, tangu siku ile hadi kaburini. Mimi kwa upande wangu ni mtoto wa wote wawili. Fundi huniita kijana wangu na hutarajia nimsimamie kama ninavyomsimamia baba.

Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye duka pale sokoni, anayeuza mbolea, unga na vitu vidogovidogo. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa Nyeri kabla hajazaliwa, naye amezaliwa, ameolewa na amefiwa na mume hapahapa. Alinunua kishamba cha chai nyuma ya duka lake ili, kama alivyosema, asiwe mgeni kwenye mazungumzo. Kwa ajili yake mezani tulizungumza Kiswahili, ingawa aliielewa lugha yetu vizuri kuliko alivyotaka tujue.

Wa nne nilikuwa mimi, mwenye shahada ya uchumi na kazi ya ofisini mjini Kericho, kazi ambayo nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba sikumbuki niliitafuta kwa sababu gani. Baada ya mama kufariki nilirudi kuishi nyumbani, karibu na Kabianga. Mke wangu ni muuguzi Nakuru. Huja mwisho wa mwezi, na tunazungumza juu ya dawa za baba.

Watu wasiocheza hudhani poka ni bahati na uso mgumu. Kwenye meza ya mbegu mbili uso mgumu hauna kazi. Huwezi kumtisha mtu kwa mbegu mbili. Anayengojea kopa moja tu ili zitimie tano atakufuata hadi mwisho, na atakuwa na haki, maana katikati pana mbegu kumi na tano na kuona mwisho wa safari kunamgharimu mbili. Mwenye wafalme wawili tangu mgao wa kwanza, mkono ambao kwa wakubwa wa klabu ungefagia meza, kwetu alilazimika kutazama watu wote wakimfuata polepole, kama ng'ombe nyuma ya mtu aliyebeba chumvi, hadi mmoja wao apate anachotafuta. Kwa hiyo wafalme wawili walishuka thamani, na karata zinazokaribiana, zile za kungoja na kutumaini, zikapanda.

Tena hatukutanguliza mbegu kabla ya mgao. Ni mwenye karata ndogo kuliko zote za wazi tu aliyelazimika kufungua kwa mbegu moja. Wengine waliingia kwa hiari. Maana yake, kungoja hakukumgharimu mtu chochote. Ungeweza kutupa karata nusu ya alasiri, mvua ikipiga mabati, ukala viazi vyako vya kuchemsha, na usiwe umepungukiwa na kitu.

Ambapo vitisho havifanyi kazi na subira ni ya bure, werevu wote huhamia kwenye kumbukumbu. Karata za wazi zikitupwa hugeuzwa kifudifudi na hazitazamwi tena. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, na aliisimamia kwa ukali. Aliyekumbuka zilikuwa zipi alijua kama anachongojea bado kipo duniani. Asiyekumbuka alingojea wafu.

Baba alikuwa na kumbukumbu hiyo. Zamani, mchezo ukiisha, alikuwa akitutajia kila karata iliyotupwa na aliyeitupa, na kisha, kwa nyongeza, anamwambia fundi kwa nini ilikuwa upumbavu kuitupa.

Mwaka juzi alianguka zizini akiwa ameshika ndoo ya maziwa. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, na tulishukuru kwa neno kidogo. Mkono wake ulirudi, ulimi wake ulirudi, hasira zake zilirudi mapema kuliko vyote. Kilichobaki nyuma tulikigundua mezani. Alasiri moja alifuata hadi mwisho akingojea jeki. Jeki wawili walikuwa wametupwa mbele ya macho yake, mmoja na mimi, mmoja na mwenye duka, na wa tatu alikaa wazi kabisa mbele ya fundi. Wa nne, tulivyoona baadaye, alikuwa amefichwa na fundi huyohuyo. Baba aliweka mbegu zake mbili kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akafunua karata zake.

“Kufa basi,” akasema, na akazoa.

“Jeki alikuwa anakuja,” baba akasema.

“Alikuwa anakuja na miguu ya nani?”

Baba akacheka. Mbegu mbili. Siku zilizofuata jambo hilo lilijirudia, na kila mara liligharimu mbegu mbili, nne, sita. Mtu aliyezoea kushinda vikapu kila mwezi sasa alipoteza kimoja, mara nyingine viwili. Nilivichuma mimi, kwa kuwa ndimi ninayekula naye chungu kimoja. Nilivichuma Jumamosi asubuhi, kikapu mgongoni, nikisikia ng'ambo ya barabara mashine za kuchumia za shamba kubwa zikiguruma juu ya majani, na sikulalamika. Kikomo kile kilikuwa kimegeuka fimbo ya kutembelea. Kwa kosa la mbegu mbili mzee aliyepoteza kumbukumbu aliweza kuendelea kukaa kati ya watu wake, akashindwa kidogokidogo, akashinda mara mojamoja, na asiulizwe swali. Sikuwa na kingine cha kumpa ambacho kingefanya kazi hiyo. Redio ilimchosha. Kanisani alisinzia. Jumamosi saa nane mchana, kabla ya mchezo, alinyoa ndevu.

Mwenye duka ndiye aliyetaka mabadiliko, na sikumlaumu.

“Huu mchezo umekuwa kesha la maombi,” alisema siku moja, akisukuma karata zake pembeni. “Kila mtu anangoja, hakuna anayetenda.”

“Unataka nini, mama?” fundi akauliza. “Tuuze mashamba?”

“Nataka mtu akiweka, nitetemeke kidogo. Mnaniwekea mbili, nafuata. Nikiwa na takataka, nafuata. Nikiwa na usingizi, nafuata. Hiyo ni mchezo gani? Hata mtoto wa nasari anaweza.”

Alichopendekeza kilikuwa sahihi kwa kila kipimo isipokuwa kimoja. Kila mtu atangulize mbegu moja kabla ya mgao, ili wanaolala walipie usingizi wao. Na kiasi cha kuweka kiruhusiwe kupanda hadi kilingane na kilichomo katikati. Hapo, alisema, wafalme wawili watakuwa wafalme tena; wanaongojea kopa watalipa nauli kamili; na mtu asiye na kitu, akiwa na moyo, atapata riziki yake kama wengine. Alikuwa mfanyabiashara. Alijua kwamba bei isiyopanda wala kushuka haimwambii mtu lolote.

Nilipinga. Nilisema tumezoea. Nilisema vikapu vitakuwa vingi mno na chai yenyewe siku hizi haina bei. Nilitaja uchumi, jambo ambalo huwa nalijutia kila ninapolifanya.

“Digrii imeongea,” fundi akasema, lakini hakucheka, na nilijua kwamba yeye na mimi tulikuwa tunalinda kitu kimoja.

Baba alikuwa akipanga mbegu zake katika mafungu. “Mwenye duka amesema vizuri,” akasema. “Nyinyi mmenifunga kwa kamba fupi, kama ndama anayeachishwa kunyonya.”

“Hakuna aliyekufunga, baba.”

“Unaogopa nini, kijana?”

Mtu wa miaka hamsini na kitu akiitwa kijana mezani kwa baba yake hurudi kuwa kijana. Nilichoogopa ni yeye mwenyewe, na hilo halisemeki. Nilimtazama fundi aseme, kwa kuwa yeye ana ruhusa ya kusema lolote. Fundi akatazama chai yake. Mabadiliko yakapita.

Jumamosi iliyofuata mvua ilianza mapema, ya mawe kidogo, ikatupasulia majani machanga, nasi tukaingia sebuleni tukasogeza meza mbali na mahali panapovuja. Sikuwahi kuona kanuni moja ikibadilisha watu haraka namna ile. Mwenye duka aliamka. Aliweka mbegu tano akiwa na karata ambazo siku zote tulizijua kuwa si kitu, na tulitupa zetu, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa sasa tano zilifuatwa na kumi na tano, na kumi na tano na arobaini, na kila mtu aliona njia yote iliyo mbele yake kabla hajapiga hatua. Fundi, aliyezoea kufuata kila kitu hadi mwisho kwa udadisi tu, alianza kufikiri kwa sauti ya pumzi. Mimi nilicheza kwa woga. Ukiwa na kitu cha kupoteza unagundua kwamba ulichokiita tahadhari miaka yote kilikuwa hali nzuri ya hewa tu.

Baba alicheza vizuri. Nasema hivyo kwa uadilifu. Alitambua upesi kuliko mimi kwamba mbegu za kutanguliza zilikuwa zinamla, na akaanza kuingia mchezoni na mikono ambayo zamani angeitupa. Mara moja alimtoa mwenye duka kwa mkupuo mmoja, na mwenye duka akapiga kelele ya furaha kama aliyeshinda yeye. “Mzee! Kumbe ulikuwa umejificha wapi?” Baba alivuta kofia yake nyuma. Kwa muda wa saa moja nilifikiri nilikuwa nimekosea, na sijawahi kufurahia kukosea kiasi kile.

Kisha ukaja mkono ule. Mbele ya baba zilikaa wazi malkia wawili. Mimi nilikuwa nimetupa malkia mmoja mapema, na mwenye duka alikuwa ametupa yule wa mwisho. Wote wawili walikuwa wamegeuzwa kifudifudi mbele yetu, na baba alikuwa ameviona vidole vyetu vikiwageuza. Aliyebaki naye ni fundi peke yake, mwenye saba mbili wazi na vikorokoro viwili. Karata ya mwisho ikagawiwa kwa siri. Baba akaitazama yake, akailaza, akahesabu mbegu zilizokuwa katikati kwa macho, kisha akasukuma mbele nyingine kama hizo, bakuli lake karibu lote. Uso wake ulikuwa na nuru ya mtu anayemwona malkia wa tatu akija barabarani, ingawa hapakuwa tena na karata ya kugawiwa.

Fundi alitazama karata zake. Alitazama bakuli la baba. Alinitazama mimi, na macho yake yakakaa kwangu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akakusanya karata zake zote, akazilaza kifudifudi.

“Nimekwisha,” akasema. “Chukua.”

Baba hakuchukua. Alinyoosha mkono kuvuka meza na kuzigeuza karata za fundi, jambo alilotukataza sisi sote tangu tulipoanza kucheza. Alizipanga polepole.

“Saba tatu,” akasema. “Na tano mbili.”

Ulikuwa mkono ambao haukimbii kitu. Mvua ilikuwa imepungua, na nilitamani irudi.

“Sikuziona vizuri,” fundi akasema. “Ni macho.”

“Macho yako yanaona nzi akiwa Kapkatet.”

“Niliogopa. Ulikuwa na malkia wawili.”

“Tangu lini wewe unaniogopa?”

Mwenye duka akasema, “Mzee, ni mchezo tu,” na baba hakumsikia. Aliendelea katika lugha yetu, kwa sauti ya chini, akimtazama bakule wake. Alimwambia kwamba walikatwa siku moja, na kisu kimoja, na hakuna aliyelia. Kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kumwomba amsogezee kiti. Kisha akasema kwa Kiswahili, labda ili sote tusikie: “Leo umenifanya mtoto. Kwa mtoto ndiyo mtu anaangusha karata ili ashinde.”

Aliinuka, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake. Mbegu zilibaki mezani. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuzizoa, na hakuna aliyetaka. Wageni walipoondoka na mlango ukabaki wazi, kuku waliingia, wakapanda mezani na kula zile walizozifikia. Niliwaacha.

Jumamosi nne zilipita bila mchezo. Baba hakunyoa. Aliketi barazani akitazama chai, na nilipomuuliza anataka nini alisema hataki kitu, kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko hasira. Alianza kuniuliza leo ni siku gani, kwa kuwa hakuwa tena na siku moja ya kuhesabia nyingine. Nilirudi kutoka ofisini jioni na kumkuta mahali nilipomwacha asubuhi, blanketi likiwa limeanguka upande uleule. Mwenye duka alituma mkate na salamu, kisha mkate tena. Niliosha vyombo, nikapasha maji, nikamlaza, nikalala. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu, na sehemu ya uchovu huo, nakiri, ilikuwa nafuu: Jumamosi asubuhi sikuwa na kikapu cha mtu mgongoni.

Nilikutana na fundi kituoni, pale tunapopeleka majani kupimwa. Alikuwa ameegemea nguzo, akingoja lori, gunia lake miguuni.

“Hajambo?” akauliza.

“Yupo.”

“Anakula?”

“Anakula kidogo.” Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuwa na adabu, nikamuuliza: “Mzee, kwa nini ulizitupa?”

Alifuta vidole vyake kwenye suruali, kana kwamba grisi ile ingeweza kutoka leo.

“Ningezichukua, nani angechuma? Yeye?” akasema. “Vilikuwa zaidi ya vikapu saba pale, kijana wangu. Nilikuona wiki ile nyingine, mvua imekupiga, umejifunika nailoni kama mtu hana wazazi. Ingekuwa mbegu mbili singefikiri. Ningemchukulia mbili, nne, ningemcheka mpaka nyumbani. Lakini zile zilikuwa nyingi. Nikaanza kuona mgongo wako.”

Nilidhani siku zote kwamba fundi alimhurumia baba. Alikuwa amenihurumia mimi, na mimi sikuwa hata kwenye mkono ule. Nilikuwa nimeshatupa karata zangu. Nilisimama pale na gunia langu, nikajaribu kukasirika, nikashindwa.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo tangu wakati huo, nikiendesha gari kwenda kazini kati ya kuta mbili za kijani. Dau dogo huwaruhusu watu kupigana bila kisirani. Kwa mbegu mbili mtu humshinda rafiki yake na hahitaji kujua lolote kuhusu nyumba yake. Zikiwa sabini, nyumba nzima huja kuketi mezani: nani mgonjwa, nani mjane, nani atakayeamka alfajiri. Hapo mwenye saba tatu na tano mbili hachezi tena karata zake. Anacheza maisha ya mwenzake kwa niaba yake, kwa wema, na mwenzake akigundua hana pa kuweka uso. Wakubwa wa klabu waliweza kuweka watakacho kwa sababu hawakujuana. Sisi tunajuana mno kwa dau la kiwango kile.

“Njoo Jumamosi,” nikamwambia fundi. “Kwa mbegu mbili.”

“Atanifukuza.”

“Akufukuze basi. Hata kufukuza ni kitu, hajafanya kitu mwezi mzima.”

Alikuja. Hakubisha hodi kama mgeni. Alisimama langoni akiwa amevaa buti za mvua na akaanza kupaza sauti kabla mbwa hajamaliza kubweka.

“Wewe mzee wa hapa! Bado uko hai ama nirudi na seremala?”

Baba aliinua kichwa. “Ni nani huyo?” akaniuliza, ingawa alijua.

“Ni mtu aliyekuja kuchukua vikapu vyake,” fundi akajibu mwenyewe.

“Umekuja kunikimbia tena?”

“Nimekuja kukunyonyoa kama kuku wa Krismasi. Na nikimaliza, utanipa chai.”

Nilisimama. Kisha baba akaanza kutafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani. Mwenye duka alifika muda mfupi baadaye na kilo nzima ya mahindi mapya, kwa kuwa alisikia kuhusu kuku. “Nimekubali mbili,” akatangaza akiketi. “Lakini nitalalamika kila wiki. Msiseme hamkuambiwa.”

Tuliondoa mbegu za kutanguliza, tukarudisha moja mwanzo na mbili mwisho. Niliona mabega ya fundi yakishuka. Wala hakumhurumia baba kabisa. Alimfuata na mikono mibovu na akamshinda. Alipandisha kila aliporuhusiwa kupandisha. Alimwita kipofu, alimwita mchungaji wa kunguni. Mwenye duka alilalamika kama alivyoahidi. Chai ilipoa, nikapasha nyingine.

Katika mkono mmoja baba alibaki na fundi peke yake, akingojea kumi. Nilihesabu: kumi mbili zilikuwa zimetupwa, ya tatu ilikuwa kati ya karata za siri nilizotupa mimi, na ya nne ilikuwa wazi mbele yake mwenyewe. Fundi alikuwa na asi wawili wazi, karata kubwa kuliko zote, na kwa jinsi alivyoziketia karata zake nilijua kuna wa tatu. Karata ya mwisho ikatoka. Baba aliitazama kwa muda, midomo ikitembea. Nilitamani kumgusa kiwiko. Sikumgusa. Aliokota mbegu mbili, akazisukuma katikati kwa kidole kimoja, na kumtazama bakule wake machoni.

“Nione,” akasema.

Fundi alifunua asi wa tatu akaipiga karata mezani hadi vikombe vikaruka.

“Kalale!” akasema. “Kalale, mzee, na mama akufunike!”

Akazoa kila kitu kwa mikono yote miwili, bila kuniangalia hata mara moja. Mwenye duka alishika mdomo. Baba alizitazama karata zile tatu, akaegemea nyuma, na kifua chake kikaanza kutikisika, kicheko ambacho hakikutoa sauti mwanzoni.

“Mwizi,” akasema. “Huyu tangu jandoni ni mwizi.”

Mabega yangu yaliniuma. Nilijua Jumamosi ijayo ningekuwa shambani kwa fundi tangu umande, na ile itakayofuata, na kwamba siku moja baba angeshindwa kumtambua hata yule asi. Akakusanya karata kwa shida, zikimponyoka, na hakuna aliyemsaidia. Alipozipata zote alizisukuma kwangu.

“Gawa, kijana,” akasema. “Na huyu usimpe mfalme.”